FUNDI WA NYUMBANI: Kila Spika na Waya Zake Mbili

Mwezi uliopita tuliongea juu ya paneli za sola na vumbi, na wengi wenu mmenisimamisha njiani mkisema betri sasa zinajaa. Nashukuru sana. Leo tunaendelea na kitu ambacho watu wanakidharau mno: waya ya spika.

Nimechagua mada hii kwa sababu siku hizi chache nimeletewa sabufa moja inayokoroma bila kutoa maneno, na spika mbili ambazo mwenyewe aliapa kwamba zimekufa. Nilipozipima, sabufa ilikuwa nzima na spika zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye waya. Na redio iliyokufa kabisa ninayo moja hapa chini ya meza, lakini hiyo sikuletewa na mtu. Niliiua mwenyewe, mimi mwalimu wenu. Nitawaeleza ilivyokuwa, ili yasimpate mwingine.

TULIVYOFANYA MAGARA

Waliotoka upande wetu wanaijua Magara, kijiji cha wavuvi kwenye barabara ya kando ya ziwa, ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge. Kule ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito, samaki hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haiwavuti tena vizuri, na wavuvi wanapumzika nyumbani siku kadhaa. Basi hizo ndizo zilikuwa siku za muziki mtaani kwetu. Wanaume wako nyumbani, betri za mitumbwini hazina kazi, na mwenye harusi naye anapanga harusi yake wakati huohuo.

Fundi alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa na amplifaya ya zamani, spika mbili za mbao alizozitengeneza kwa mkono, na mzigo wa waya aliouokota huku na huku. Kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi. Kabla ya kuwasha, alikuwa anapitisha vidole kwenye waya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekagua wavu. Akikuta mahali pamekuwa kijani, anakata, anamenya upya, anaunga. Ile kijani ni kutu ya shaba, na hewa yenye unyevu ya ziwani inaileta haraka. Nilikuwa namwambia, "Baba mdogo, si tuwashe tu, watu wanangoja." Yeye anajibu, "Mtoto wangu, spika inasema kile ilicholetewa. Tusiionee."

Alikuwa pia na ujanja wake wa kubana matumizi. Waya ikiwa haba, alikuwa anafunga spika mbili kwa waya tatu badala ya nne. Kila spika inapata chanya yake, halafu hasi wanagawana moja. Muziki ulikuwa unalia vizuri kabisa mpaka asubuhi. Mimi nikashika hilo kichwani, nikadhani ni sheria ya ufundi.

NILIVYOIUA REDIO YETU

Hapa kambini, familia 14 za mtaa wetu tulichanga tukanunua redio ya gari, ile ndogo yenye sehemu ya kuchomeka flashi. Tukaifunga ndani ya boksi la mbao pamoja na betri ya volti 12. Haikuwa kwa ajili ya disko. Wazee wanataka taarifa ya habari, wanataka kusikia juu ya mvua, bei, na safari za kurudi nyumbani. Sisi wakimbizi redio tunaijua thamani yake. Mwaka 1994 BBC ilianzisha idhaa ya Gahuzamiryango ili familia za Maziwa Makuu zilizotawanyika ziweze kutafutana. Mwaka 1995 ikaanza Radio Kwizera kule Ngara, kwa ajili ya watu wa makambini na majirani zao. Kuna watu waliopata habari za ndugu zao kwa njia ya redio tu.

Basi kila jioni saa kumi na mbili watu wanakusanyika chini ya mwembe. Spika moja ilikuwa pale pale. Kina mama wakasema, "Na sisi tunaopika tusikie." Spika ya pili ikatakiwa kwenda upande wao, kama mita 10. Tukapima waya, haitoshi. Mimi nikakumbuka Magara. Nikasema, msiwe na wasiwasi, nina ujanja. Nikazifunga hasi za spika mbili pamoja, nikarudisha waya moja tu kwenye redio.

Redio ikasema kama dakika moja. Ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Ikanyamaza. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, taarifa imekwisha?" Sikuwa na la kusema.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwenye amplifaya nyingi za zamani, hasi za spika zote zinarudi mahali pamoja ndani ya mashine, kwa hiyo ukizigawanisha waya moja hakuna kinachogombana. Baba mdogo hakukosea. Lakini redio za gari za siku hizi, na baadhi ya amplifaya ndogo, hazikutengenezwa hivyo. Kila spika inasukumwa kutoka pande mbili. Upande mmoja ukisukuma, wa pili unavuta. Maana yake ile waya tunayoiita hasi nayo ina umeme wake, karibu nusu ya umeme wa betri, yaani kama volti 6. Ukizifunga hasi mbili pamoja, umewafunga ng'ombe wawili kamba moja na kila mmoja anavuta kwake. Kinachokatika ni chipu ndani ya redio. Na ukiigusisha hasi ya spika na hasi ya betri au na bati la boksi la redio, ni kosa lilelile. Baadhi ya redio hujizima zenyewe kujikinga. Yetu haikujizima.

Tulikaa wiki tano bila redio, mpaka michango ilipotimia tena. Yule mzee aliendelea kuja kila jioni saa kumi na mbili na kiti chake, anakaa kidogo chini ya mwembe, halafu anarudi kwake. Hakunilaumu hata siku moja. Ni afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya ukurasa wa leo naiandika kwa gharama ya familia 14: kila spika iwe na waya zake mbili, kutoka kwenye redio mpaka kwenye spika, bila kuazimana na spika nyingine. Hata kama mashine yako ni ya zamani, fanya hivyo. Huwezi kupata hasara.

KUCHAGUA WAYA

Mambo ya kuangalia ni matatu: imetengenezwa kwa nini, ina unene gani, na inakwenda umbali gani.

Kwanza, madini yake. Waya nzuri ni ya shaba tupu. Siku hizi kuna waya nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Ukiitazama dukani inang'aa kama shaba, lakini ni nyepesi mkononi. Chukua uzi mmoja, uukwangue kwa wembe. Ukiona nyeupe kwa ndani, hiyo ni aluminiamu. Angalizo: kuna waya ya shaba iliyopakwa bati, hiyo ni nyeupe kwa nje na nyekundu kwa ndani, na ni nzuri tu. Aluminiamu iliyopakwa shaba nayo si haramu, ila inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Ukilazimika kuinunua, chukua saizi moja juu zaidi, na ukague maungio yake mara kwa mara, maana inakatika upesi ikikunjwakunjwa.

Pili, unene. Usidanganywe na mpira wa nje. Kuna waya nene kama kamba ya kufungia mbuzi, ukiimenya unakuta nyuzi chache ndani zimejificha. Unene tunaousema ni wa shaba yenyewe, na unapimwa kwa milimita za mraba. Mara nyingi umeandikwa kwenye mpira: 2×0.75, 2×1.5, na kadhalika. Ile 2 maana yake ni waya mbili pamoja, na namba inayofuata ni unene wa kila moja. Kama haukuandikwa, menya kidogo uhesabu nyuzi. Nyuzi 16 za unene wa milimita 0.2 ni saizi ya 0.5. Nyuzi 24 za namna hiyo ni 0.75. Nyuzi 32 ni 1.

Tatu, umbali. Waya yenyewe inazuia umeme kidogo. Kuzuia huko kunaitwa ukinzani, na kunapimwa kwa omu. Waya ikiwa ndefu, ukinzani unaongezeka. Ikiwa nene, unapungua. Geuza spika yako utazame nyuma, utakuta imeandikwa omu 4, 6 au 8. Mafundi wana kanuni yao: ukinzani wa waya usizidi sehemu moja ya 20 ya ukinzani wa spika. Nimewapigia hesabu ya waya ya shaba, andikeni pembeni:

Spika ya omu 8: mpaka mita 5, saizi 0.5 inatosha. Mpaka mita 10, chukua saizi 1. Mpaka mita 20, chukua 2.5.

Spika ya omu 4: mpaka mita 3, saizi 0.75. Mpaka mita 5, saizi 1. Mpaka mita 10, chukua 2.5.

Mita hizo ni za kutoka redio hadi spika. Kwenda na kurudi kwa umeme nimeshakuhesabu.

Mtu atasema, "Mwalimu, mbona mimi natumia waya nyembamba na inalia?" Ni kweli inalia. Lakini tazama. Waya nyembamba ya saizi 0.2 ikienda mita 10, ukinzani wake unafika kama omu 1.7. Kwenye spika ya omu 4, katika kila sehemu 100 za nguvu inayotoka kwenye redio, sehemu 30 hivi zinaishia kwenye waya. Spika inapata 70. Wewe unaona sauti ni ndogo, unaongeza, na betri ya sola inaisha kabla ya taarifa ya saa tatu. Sisi hapa umeme wetu ni wa kuhesabu. Kila unachopoteza njiani ni mwanga ambao mtoto angesomea.

Kama una waya nyembamba tu na huna pesa ya nyingine, funga mbili pamoja kwa upande wa chanya, na mbili pamoja kwa upande wa hasi. Unene unakuwa mara mbili. Na kama inawezekana, sogeza redio karibu na spika. Waya fupi nayo ni dawa.

KUUNGANISHA

Zima redio kabisa kabla ya kugusa waya za spika. Si kupunguza sauti, kuzima. Halafu fuata hatua hizi.

1. Menya mpira kwa urefu wa sentimita moja au moja na nusu tu. Tumia wembe au kisu kikali, taratibu, usikate nyuzi. Tafadhali tusitumie meno. Nawajua vijana wangu.

2. Angalia rangi ya shaba. Ikiwa kijani au nyeusi, kata mpaka ufike penye kung'aa.

3. Sokota nyuzi zote pamoja kwa vidole, kuelekea upande mmoja, mpaka zikae kama uzi mmoja. Hakikisha hakuna unywele hata mmoja uliochomoza. Unywele mmoja ukivuka kugusa upande wa pili, umepiga shoti, na shoti inaunguza amplifaya.

4. Tafuta alama. Waya za spika huwa na upande mmoja wenye mstari, maandishi au rangi tofauti. Amua kwamba upande wenye alama ndio chanya, na usibadilishe mpaka mwisho. Chanya ya redio iende kwenye chanya ya spika, ile nyekundu au yenye alama ya kujumlisha. Hasi iende kwenye hasi.

5. Kaza vizuri. Ukivuta kidogo na waya ikatoka, ujue haikukaa.

6. Ukiunga waya katikati, usiunge chanya na hasi mahali pamoja. Unga moja huku, nyingine sentimita tano mbele. Sokota, ukiweza weka risasi ya kuunganishia, kisha funga kila moja kwa tepu yake. Hata tepu ikilegea kwa joto, hazitagusana.

7. Kabla ya kuwasha, jaribu kama kuna shoti. Waya ikiwa haijafungwa popote, chukua betri kavu na balbu ndogo ya tochi. Funga betri na balbu kwenye ncha mbili za upande mmoja, na upande wa pili uache wazi. Balbu ikiwaka, waya zinagusana mahali. Itafute sehemu hiyo.

Wenye redio ya gari, rangi zinazotumika sana ni hizi: njano inakwenda chanya ya betri, nyekundu ni ya kuwashia, nyeusi ni hasi ya betri. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni chanya za spika nne. Kila rangi ina mwenzake mwenye mstari mweusi, na huyo ndiye hasi ya spika hiyohiyo. Soma kwanza karatasi iliyobandikwa juu ya redio, maana nyingine zina mpangilio wake. Kama una spika mbili tu, waya zilizobaki zifunge tepu moja moja kwenye ncha. Usizisokote pamoja ili ionekane nadhifu. Ni kosa lilelile langu.

SPIKA NGAPI KWENYE MASHINE MOJA?

Nyuma ya amplifaya pameandikwa omu inazozikubali, kwa mfano 4 mpaka 8. Ukichukua spika mbili za omu 8 na kuzifunga zote kwenye matundu yaleyale, chanya na chanya, hasi na hasi, mashine inaona omu 4. Hapo bado ni salama. Lakini spika mbili za omu 4 zikifungwa hivyo, mashine inaona omu 2. Inatoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, inapata moto, na mwisho inakufa. Spika za omu 4 ukitaka kuziweka mbili kwenye matundu ya mmoja, zipange kwa kufuatana: chanya ya mashine iende chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika ya kwanza iende chanya ya spika ya pili, na hasi ya spika ya pili irudi kwenye mashine. Hapo zinakuwa omu 8. Sauti inapungua kidogo, lakini mashine inaishi.

USALAMA WA NYUMBA

Nyumba zetu zina maturubai na majani, na tumepangana karibu karibu. Moto wa nyumba moja haukai nyumba moja. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri hapa.

Waya ya spika isitumike kwenye betri. Betri ya volti 12 ikipigwa shoti inatoa mkondo mkubwa sana, na waya nyembamba inakuwa nyekundu kama kaa la moto kwa sekunde chache. Kwenye betri weka waya nene, saizi 2.5 kwa redio ya gari, na iwe fupi. Weka fyuzi upande wa chanya, karibu na betri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye redio, mara nyingi ampea 10 au 15. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara badala yake.

Tena, usiweke plagi ya umeme wa ukutani kwenye waya ya spika ati kwa sababu inashika vizuri. Siku moja mtoto ataichomeka kwenye jenereta, na hapo tutaongea mengine.

Waya zipite juu, zisipite mlangoni wala karibu na jiko. Watoto wanajikwaa, na mbuzi wanatafuna.

MASWALI YENU

Baba mmoja aliuliza: "Nikiwasha spika mbili pamoja besi inapotea. Nikichomoa moja, besi inarudi. Je, spika imekufa?" Hapana, mzee wangu. Spika moja umeifunga kinyume, chanya kwenye hasi. Moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, basi zinauana besi. Zima, geuza waya za spika moja tu, washa tena. Kama alama za nyuma zimefutika, gusisha betri kavu ya volti 1.5 kwenye matundu ya spika kubwa, kwa nukta moja tu. Karatasi ya spika ikiruka kuja mbele, ule upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika ndogo ya sauti kali usiijaribu hivyo.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu, waya za chaja za simu zilizokufa naweza kuzitumia?" Mama, zina nyuzi nyembamba sana. Kwa spika ndogo iliyo karibu, mita moja hivi, sawa. Kuvuka uwanja, hapana.

Kijana mmoja aliuliza: "Ni lazima waya za spika mbili zilingane urefu?" Si lazima. Moja ikiwa mita 2 na nyingine mita 6, sikio halitajua, mradi unene unatosha. Na zile waya zinazouzwa bei kubwa ati zinatakasa sauti, ziache. Shaba ni shaba.

KABLA SIJAMALIZA

Mwaka 2015, nilipokuwa na miaka 15, familia yetu iliondoka Magara kwa njia ya ziwa. Tulikuwa katika lile kundi kubwa lililojaa Kagunga mwezi wa tano, pale ufukweni chini ya milima, tukingoja meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Wengi wenu mlikuwepo, sina haja ya kuwaeleza.

Baadaye, katika kituo kimoja cha kupokea watu, majina ya familia yalikuwa yanasomwa kwa kipaza sauti. Sauti ilikuwa inakatika na kukwaruza. Unasikia nusu ya jina, watu watatu wanasimama, wawili wanarudi kukaa. Mama yangu alisimama mara nne. Tulilala hapo usiku ule tukiamini jina letu halijafika. Asubuhi, kijana mmoja ambaye sikumjua alipanda juu ya kiti, akashika waya nyuma ya spika, akaichomoa, akaimenya upya kwa meno (mnisamehe, alitumia meno), akaikaza. Sauti ikatoka safi. Orodha ya jana ikasomwa tena, na jina la baba yangu lilikuwa la sita. Lilikuwa limeshasomwa jana yake, na hatukulisikia.

Ndiyo maana naandika ukurasa mzima juu ya waya. Redio yetu ya pili sasa inafanya kazi chini ya mwembe. Waya ni za shaba, saizi 2.5, nne kamili, mbili kwa kila spika. Kina mama wanasikia wakiwa jikoni. Yule mzee siku hizi anakuja dakika kumi mapema, na kabla sijawasha ananiuliza, "Mwalimu, umezipitisha vidole?" Namjibu, "Ndiyo, mzee, zote."

Mwenye redio au sabufa inayokoroma, alete Jumamosi baada ya masomo, darasa la mwisho karibu na kisima. Nitawaonyesha, na mtafanya kwa mikono yenu. Mje na wembe wenu na tepu, maana yangu imekwisha.

Mwezi ujao Mungu akipenda tutaongea juu ya betri za gari: maji yake, namna ya kujua imechoka, na kwa nini isikae chumba wanamolala watoto. Mbaki na amani.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.